Kijerumani cha kuagiza chakula na kinywaji: uzoefu wangu na sura ya "Essen und Trinken" kwenye programu ya simu

Nimeimaliza sura yote ya "Essen und Trinken", yaani kula na kunywa, katika programu moja ya kulipia inayofundisha Kijerumani cha hatua ya A1, ile ya wanaoanza kabisa. Sura ina masomo 12, kila somo dakika 10 hadi 15: majina ya vyakula, vinywaji, kuagiza, kulipa. Nimeipima kwa kipimo kimoja tu: mhudumu akikuuliza, utamjibu? Sentensi ya kuagiza ni fupi, siku moja inatosha kuikariri. Kinachomkwamisha mtu ni swali linalorudi kutoka upande wa pili wa kaunta, tena la haraka, limekatwakatwa mpaka limebaki maneno mawili.

Nianze na sauti, maana hapo ndipo programu hii inastahili pesa yake. Kila neno limerekodiwa mara mbili, polepole na kwa mwendo wa kawaida, na wanaosema ni watu, si mashine. Kwetu sisi hilo ni jambo kubwa, kwa sababu herufi za Kijerumani tunazijua zote karibu na tunaishia kuzisoma kwa Kiswahili. "Wasser" hutamkwa kwa v. "Vier" hutamkwa kwa f. "Suppe" na "Saft" huanza kwa z yetu, lakini "Zucker" na "zahlen" huanza kwa ts. "Ei" husomwa ai na "ie" ni i ndefu. Ukizigeuza, "Wein", yaani mvinyo, inakuwa Wien, mji mkuu wa Austria. Sauti ya "ch" ndani ya "möchte" wengi huifanya sh. Weka ulimi pale unapotamkia y ya yai, kisha pitisha hewa tupu bila sauti, ndiyo hiyo. "Ch" ya "Kuchen", keki, ni ile kh ya kheri, na wa Pwani mtaipata mara ya kwanza. Kwa ö, sema e huku midomo imeviringa kama ya o. Kwa ü, sema i huku midomo ni ya u.

Kitu ambacho programu haikukigusa ni tabia yetu ya kuongeza irabu mwishoni. "Saft" inakuwa zafti, "Salat" inakuwa zalati. Mashine ya kupima matamshi iliyomo humo ililipitisha kosa hilo kila mara na kuweka alama ya kijani, kwa hiyo usiiamini. Jirekodi mwenyewe, usikilize kama t ya mwisho imekatika au imebeba irabu.

Masomo ya nne na ya tano yanafundisha jinsia za nomino, na hapa niliona mwanya mkubwa. Programu inakupa "Kaffee", "Tee", "Salat", "Suppe", "Wasser" kama maneno matupu, halafu masomo mawili mbele inadai uandike "einen Kaffee". Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuhangaishwa hivyo, maana sisi ngeli tunaijua: hatusemi chupa hiki. Jifunze neno pamoja na kiambatisho chake tangu siku ya kwanza, der cha kiume, die cha kike, das cha jinsia ya tatu: der Kaffee, der Tee, der Saft, der Salat, die Suppe, die Cola, die Limo, das Wasser, das Bier, das Eis. Ukiagiza, kinachobadilika ni cha kiume peke yake: einen Kaffee, einen Tee, einen Salat. Cha kike kinabaki eine Suppe, cha tatu kinabaki ein Wasser. Na idadi ni rahisi kuliko programu inavyoifanya: "zwei Kaffee", "drei Bier". Jina la kinywaji halichukui wingi unapoagiza. Neno "Tasse" ndilo huchukua, "zwei Tassen Kaffee", lakini "Glas" hukaa vilevile, "zwei Glas Wein".

Sentensi yenyewe wameifundisha vizuri. "Ich will" ni nataka kavu, haifai mezani. "Ich möchte", ningependa, inafaa kila mahali. "Ich hätte gern" ndiyo iliyo karibu zaidi na naomba yetu, na sarufi yake usiichambue kwa sasa, ibebe kama ilivyo. "Ich nehme die Suppe" ni ya mtu aliyekwisha kuisoma karatasi na kuchagua. Mkiwa wengi mezani, iliyo nyepesi kuliko zote ni "für mich einen Tee, bitte".

Sasa mapungufu. Chukua duka la mikate, ambalo ndiyo shule bora ya mwanafunzi wa Kijerumani kwa sababu mazungumzo yake hayavuki nusu dakika. Programu inaonyesha hivi: unasema "ich möchte ein Brot", muuzaji anasema "bitte schön", basi. Kwenye kaunta ya kweli inakwenda hivi. Muuzaji anauliza "Bitte schön?" au "Was darf's sein?", maana yake nikupe nini. Unasema "Ein Vollkornbrot und zwei Brötchen, bitte", mkate wa unga usiokobolewa na mikate midogo miwili. Anauliza "Geschnitten?", yaani mkate ukatwe vipande? Unajibu "Ja, bitte" au "Am Stück, bitte", mzima. Anauliza "Sonst noch was?", kuna kingine? Unajibu "Nein danke, das ist alles." Ukiwa umeagiza kahawa, anaongeza "Zum Hieressen oder zum Mitnehmen?", unakula hapahapa au ufungiwe? Kisha bei: "Sechs achtzig", euro sita na senti 80, bila neno euro. Maswali manne na bei moja, na katika sura nzima sikukuta hata kimoja.

Maji nayo ni hivyohivyo. Ukisema "ein Wasser, bitte" bila nyongeza, mara nyingi utaletewa ya gesi, maana hayo ndiyo maji ya mezani kwao. Swali linalokuja ni "Mit oder ohne?", yenye au bila, na linahusu gesi, si barafu wala limau. Usiyetaka gesi sema tangu mwanzo "ein stilles Wasser". Swali la pili ni "Groß oder klein?", kubwa au ndogo? Tazama glasi ikifika: pembeni, chini kidogo ya ukingo, pana kistari chembamba kimechorwa, na kando yake 0,2 l au 0,4 l. Kinywaji hujazwa mpaka kwenye kistari hicho, na ndicho kipimo kilichoandikwa mbele ya bei. Wajerumani hutumia mkato pale ambapo sisi huweka nukta, kwa hiyo 3,50 ni euro tatu na nusu.

Kwenye kibanda cha döner, nyama ya kuchoma iliyokatwakatwa ndani ya mkate, utaulizwa "Mit allem?", vikolombwezo vyote niweke? Halafu mchuzi: "Kräuter, Knoblauch, scharf?", majani, kitunguu saumu, pilipili. Kwenye chipsi ni "Ketchup oder Mayo?", na sehemu nyingi mchuzi huo hulipiwa kando. Kwenye aiskrimu, "Im Becher oder in der Waffel?", kwenye kikombe au kwenye koni.

Neno moja linastahili somo lake peke yake, na programu imelipita kwa tafsiri ya asante tu: "danke". Mhudumu akiuliza "Möchten Sie noch etwas?", ungependa kingine, ukajibu "danke" kwa tabasamu, umekataa. Ataondoka. Ukitaka kuongezewa sema "ja, bitte" au "ja, gern". Na wakati wa kulipa, ukimpa noti ya 20 huku unasema "danke", anaweza kuelewa kwamba chenji umemwachia. Nyamaza mpaka hesabu ikamilike.

Kulipa kuna utaratibu wake. Unaita "Entschuldigung, zahlen bitte". Neno "Fräulein" lililo katika vitabu vya zamani limekuwa la kukera, liache. Swali la kwanza ni "Zusammen oder getrennt?", bili moja au kila mtu yake, na kugawana ni jambo la kawaida kabisa kwao, hakuna aibu. Kisha unatajiwa jumla, na hapa namba zao zinakwenda kinyume na zetu: sisi ni ishirini na saba, wao ni saba na ishirini, "siebenundzwanzig". Sikio lisilozoea litashika ishirini ya mwisho au litageuza 27 kuwa 72. Bakshishi haiachwi mezani kimyakimya. Unataja jumla unayotaka ikatwe. Bili ni 17,60, unatoa noti ya 20, unasema "neunzehn, bitte", unarudishiwa euro moja. Ukisema "stimmt so", umeacha yote iliyobaki. Asilimia 5 hadi 10 inatosha. Kabla ya kukaa uliza "Kann ich mit Karte zahlen?", naweza kulipa kwa kadi, kwa sababu bado zipo sehemu zenye kibao cha "nur Barzahlung", taslimu tu.

Kamusi ya ndani ya programu ina kosa ambalo litamsumbua Mswahili hasa. Inasema "Menü" ni menyu. Siyo. "Menü" ni mlo uliopangwa, mfano supu, chakula kikuu na kitamu cha mwisho kwa bei moja. Karatasi ya vyakula ni "Speisekarte" au "Karte" tu: "Die Karte, bitte."

Wasomaji wasiokula nguruwe au wasiokunywa pombe wameachwa kabisa, nami naona hili ni pungufu kubwa kuliko yote. Kujua "Schweinefleisch", nyama ya nguruwe, hakutoshi, kwa sababu karatasi haiandiki hivyo. Huandika "Speck", "Schinken", "Mett", "Schmalz", na vyote kwa kawaida ni kitimoto au mafuta yake. "Wiener Schnitzel" ni nyama ya ndama, lakini "Schnitzel Wiener Art" mara nyingi ni nguruwe. Tofauti ni neno moja dogo. "Leberkäse" ina neno jibini ndani yake, ila ni nyama ya kusaga iliyookwa, na nguruwe yumo. Kinyume chake, mjini Köln ukiona "Halve Hahn", yaani nusu jogoo, hakuna kuku: ni mkate mdogo wa rai, nafaka jamii ya ngano, wenye jibini. "Apfelschorle" ni juisi ya tufaha na maji ya gesi, inywe bila wasiwasi. "Weinschorle" ni mvinyo. "Radler" ni bia iliyochanganywa na limonadi. Bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaruhusiwa kubaki na alkoholi hadi asilimia 0,5, kwa hiyo anayeepuka kabisa atafute "0,0". Sentensi mbili za kubeba: "Ist da Schweinefleisch drin?", humu mna nguruwe, na "Ist da Alkohol drin?", humu mna pombe.

Majina hubadilika kwa mji, nalo halikutajwa. Brötchen, ule mkate mdogo mfano wa skonzi yenye gamba gumu, ni "Semmel" kule Bavaria na "Schrippe" Berlin. Usihangaike kuyakariri. Nyoosha kidole useme "zwei davon, bitte", mbili za hizo.

Nilivyoziba mapengo ni hivi. Niliandika maswali 15 ya mhudumu, yakiwemo yale niliyoyataja humu, nikayarekodi kwa sauti ya msemaji wa Kijerumani, kila swali likifuatwa na ukimya wa sekunde 3. Unasikiliza yakiwa yamechanganywa na kujibu ndani ya ukimya huo, kwa sauti, siyo kichwani. Siku tano za dakika 20 zinatosha kwa maswali; kwa bei ongeza wiki nzima, ukisikia tarakimu na kuandika papo hapo, kuanzia 21 mpaka 99. Na ujifunze sentensi ya kuokolea: "Noch einmal langsam, bitte", tena polepole tafadhali. Ukiisema mapema, mara nyingi mhudumu hupunguza mwendo bila kuhamia Kiingereza.

Kwa wanaojiandaa na mtihani wa A1 wa Goethe-Institut, Nairobi au Dar es Salaam, sura hii inasaidia nusu. Katika kuzungumza, sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, "Essen und Trinken" ikiwa mojawapo, pamoja na neno kama "Frühstück", kifungua kinywa, na kazi yako ni kuuliza swali na kujibu la mwenzako. Sehemu ya tatu ni kadi ya picha ya kuombea kitu: ukiona glasi, unasema "Kann ich bitte ein Glas Wasser haben?", naomba glasi ya maji. Programu inakuzoesha kuchagua jibu kati ya manne, haikuzoeshi kutunga swali. Alama za kupita ni 60 kati ya 100, na hapo kwenye maswali ndipo watu huzipoteza bure.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Lipia mwezi mmoja tu, maliza masomo ya sauti na ya majina ya vyakula ndani ya huo mwezi, usihuishe. Maelezo yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo asiyekisoma vizuri atafute mwalimu wa kukaa naye mezani, mmoja awe mhudumu na mwingine mteja, halafu wabadilishane viti.