Ofisi ya mawakili wa uhamiaji, Posta: kuongeza ushahidi kwenye rufaa ya mwekezaji
Ofisi hii ndogo iliyopo Posta, Dar es Salaam, inasimamia rufaa ya kaka yangu, ambaye ombi lake la mwekezaji nchini Marekani, chini ya mpango wa EB-5 (njia ya kupata ukaazi wa kudumu kwa kuwekeza), lilikataliwa kwa sababu chanzo halali cha fedha hakikuthibitishwa. Ninachokithamini zaidi ni ukweli wao: kabla ya kupokea ada walimweleza kwamba ushahidi ambao mamlaka ya uhamiaji ya Marekani iliuomba awali na haukuletwa huweza kukataliwa katika rufaa, na kwamba nyaraka mpya hazina budi kuthibitisha hali iliyokuwepo siku ombi lilipowasilishwa, wala haziwezi kuubadilisha uwekezaji wenyewe. Kwa hiyo waliziacha barua za sifa, wakajikita kwenye mkataba wa mauziano ya kiwanja cha Kigamboni, taarifa za benki na hati za kodi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kila waraka wa Kiswahili ukiwa na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri, na vyote vikatumwa ndani ya siku 30 zinazoruhusiwa baada ya kufungua rufaa. Tafsiri zilikuwa safi mno. Ada ni kubwa, na jioni simu hazipokelewi. Uamuzi bado unasubiriwa, lakini jalada limepangwa kwa uangalifu ambao kila mwombaji anastahili.