Fundi umeme wa Msamvu aliyeitengeneza indiketa ya kirikuu yangu

Kama indiketa au hazadi (indiketa zote zikiwaka pamoja) za gari lako zinakusumbua na uko Morogoro, mtafute yule kijana wa umeme wa magari upande wa Msamvu, mwenye kibanda cha mabati kilichozungukwa na betri kuukuu. Nimemlipa kama mteja mwingine yeyote, na ninamsifia kwa moyo wote.

Kirikuu yangu, pikapu ndogo, hubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Ikishapakia inapanda vilima polepole, na nyuma hakukosi basi au semi inayotaka kupita. Wanaoijua barabara ile wanajua tunavyozungumza: ukiwasha indiketa ya kulia unamwambia wa nyuma asubiri, mbele kuna gari, ukiwasha ya kushoto unampa njia. Sasa ya kushoto kwa nyuma ikawa inawaka kwa unyonge, mshale kwenye dashibodi unapepesa mbio, na nikikanyaga breki taa za upande ule zinafifia na kucheza pamoja na mshale huo. Dereva wa basi lenye abiria anaisoma taa yako akiwa kwenye kona. Hilo lilinikosesha raha.

Gereji niliyoanzia walisema flasha, kile kifaa kinachopepesa indiketa, imekufa. Wakafunga mpya, mambo yakawa yaleyale. Wakasema basi, wayaringi yote ya nyuma ifumuliwe. Nikaondoa gari.

Huyu kijana hakuanza na bisibisi. Alizima gari, akaniomba nibonyeze hazadi, akalizunguka taratibu. Taa za kona tatu za gari safi, ya nyuma kushoto hafifu. "Mama, flasha nzima, fyuzi ya hazadi nzima. Hapa tunatafuta ethi." Ethi ni njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari. Akanieleza: hazadi inachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, ndiyo maana inawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, na flasha ni ileile inayoendesha indiketa. Flasha inahisi umeme unaovutwa na globu. Globu ya indiketa ni wati 21. Ikiungua, au ethi ikiwa mbovu, mzigo wa upande ule unapungua na mapigo yanakwenda mbio. Indiketa nzima hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika.

Akaichomoa globu, akaijaribu upande wa kulia: ikawaka vizuri. Akairudisha, akachukua kipande cha waya, ncha moja kwenye chuma cha holda, nyingine kwenye chesisi aliyoikwangua. Taa ikawaka kwa nguvu zote palepale. Alipofungua skrubu ya ethi nyuma ya taa, kile kipete cha waya kilikuwa na unga wa kijani, na chini yake kutu tupu. Matope ya barabara na maji ya mizigo. Akapiga msasa hadi chuma kikang'aa, akaweka skrubu mpya, akapaka grisi.

Kilichonifanya nimwamini zaidi ni globu za LED. Nilizitaka kwa sababu zinang'aa, na alikuwa nazo kabatini. Akakataa kuniuzia. Zinavuta umeme kidogo sana, akasema, kwa hiyo flasha yako itaanza tena kwenda mbio. Ukizitaka lazima ununue na flasha yake. Mfanyabiashara anayekataa hela ya mkononi ili kazi yake isiharibike, huyo nitamrudia.

Jambo jingine alilonionyesha: indiketa zikizima pande zote mbili huku hazadi ikifanya kazi, angalia fyuzi ya indiketa, kisha bonyeza na kuachia swichi ya hazadi mara kadhaa. Kwenye magari mengi ya Kijapani umeme wa indiketa unapita kwenye swichi hiyo, na ikishika vumbi unakatika. Na jamani, mnaowasha hazadi mvua ikinyesha huku mnaendelea na safari, acheni. Gari likiwaka pande zote, wa nyuma hawezi kujua unakunja wapi.

Mapungufu yapo. Hakuna kivuli cha kusubiria, risiti hatoi, na huanza gari jingine kabla hajamaliza la kwanza, kwa hiyo ukifika mchana utakaa sana. Nilimlipa shilingi 10,000 kwa kazi yote, skrubu na grisi ndani yake. Nendeni asubuhi, na osheni matope nyuma ya gari kwanza, maana asipoiona ethi hagusi kitu.