Uzoefu wangu na SiteStripe: kutafuta na kujenga linki za bidhaa nikiwa Kigoma

Ninaishi Gungu, Kigoma Mjini, na kwa miaka mitatu sasa ninaandika kwa Kiingereza makala za kuwasaidia watu wa Marekani na Ujerumani wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika kwenye matangi ya vioo. Ziwa letu lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu zote hazipatikani kwingine popote duniani. Hata kuhe tunayemla kwa ugali ni wa jamii hiyo, tena ndiye mkubwa kuliko wenzake wote. Wafugaji wa ng'ambo huwapenda wale wadogo wenye rangi na mistari, na kwa kuwa maji ya ziwa hili ni ya uvuguvugu na yana pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 9, hawana budi kununua mchanga maalumu, vipimo vya maji, pampu na hita ili samaki wajione wako nyumbani. Mimi siwauzii chochote kati ya hivyo. Ninawaelekeza kwenye bidhaa iliyoko Amazon, duka kubwa la mtandaoni, na mtu akinunua baada ya kupitia linki yangu, ninalipwa kamisheni.

Chombo ninachokieleza hapa ni SiteStripe, ambacho Amazon huwapa bila malipo mawakala wake, yaani watu kama mimi wanaoelekeza wanunuzi kwa kamisheni. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya uwakala, ukanda mwembamba hutokea juu kabisa ya ukurasa wa bidhaa yoyote unayoifungua. Unabonyeza, unachagua kitambulisho cha ufuatiliaji unachotaka kitumike, yaani alama inayoionyesha Amazon kwamba mnunuzi ametoka kwako, kisha unanakili linki ikiwa fupi, inayoanza na amzn.to, au ikiwa ndefu. Hakuna cha kupakua wala cha kusakinisha. Kwa mtu anayenunua bando kwa fedha yake, kama mimi, jambo hilo peke yake ni nafuu kubwa, kwa sababu ukanda unakuja pamoja na ukurasa ambao ulikuwa unaufungua hata hivyo.

Kabla ya kuutegemea ukanda huu nilipotea njia kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nikitumia huduma moja ya nje ya kufupisha linki, ambayo sitaitaja, kwa sababu ilinipa linki fupi za kupendeza na hesabu ya waliobonyeza. Siku moja msomaji aliniandikia kwamba akibonyeza linki ya mchanga anapelekwa kwanza kwenye tangazo la mchezo wa kubahatisha. Baada ya wiki chache linki zote zikaacha kufunguka kabisa. Nilikuwa nazo zaidi ya 60, zimetawanyika katika makala 20 na kitu, na sikuwa nimehifadhi mahali popote kumbukumbu ya linki ipi ilikuwa ya bidhaa ipi. Ilinilazimu kusoma upya kila makala, kukisia ni pampu gani niliyoikusudia, kisha kuitafuta tena. Kazi ile ilinichukua wiki mbili za usiku, na roho iliniuma kwa ajili ya wasomaji waliokuwa wameniamini. Kumbe hata kanuni za Amazon hazitaki linki inayomficha msomaji mahali anapopelekwa, kwa hiyo kosa langu lilikuwa mara mbili.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kitu cha kuhifadhi ni namba ya bidhaa. Kila bidhaa ya Amazon ina namba inayoitwa ASIN, yenye herufi na tarakimu 10, ambayo kwa bidhaa nyingi huanza na B0. Utaiona kwenye anwani ya ukurasa, mara tu baada ya herufi dp. Anwani unayoinakili baada ya kutafuta huwa na mkia mrefu wa maneno uliyotafuta na alama nyingine nyingi, na vyote hivyo havina kazi kwako. Linki kamili inahitaji vitu vichache tu: amazon.com/dp/, kisha ASIN, kisha alama ya kuuliza, neno tag, alama ya sawasawa na kitambulisho chako, ambacho kwa duka la Marekani huishia na -20. Nimetengeneza jedwali la Excel lenye safu ya jina la bidhaa, ya ASIN, ya kitambulisho na ya makala inamotumika, na fomula fupi inaunganisha vipande hivyo kuwa linki. Ukanda wa SiteStripe ninautumia ninapojenga linki moja au mbili; zikifika kumi, jedwali linashinda kwa mbali, na tena linafanya kazi hata mtandao ukiwa umekatika.

Hata hivyo, ni lazima niseme wazi kwamba kujenga linki ndiyo sehemu nyepesi. Muda wangu mwingi huenda kwenye kutafuta bidhaa sahihi, na hapo hakuna ukanda utakaokusaidia. Chukua mfano wa hita. Ukurasa mmoja wa hita unaweza kubeba wati 50, 100, 200 na 300, zote chini ya picha moja na jina moja, lakini kila moja ina ASIN yake. Niliwahi kuandika kwamba tangi la lita 300 linahitaji hita ya wati 300, kisha nikanakili linki bila kubonyeza kitufe cha wati hizo, na msomaji aliyebonyeza akafunguliwa hita ya wati 50. Mtu asiyekuwa makini angeinunua, na samaki wake wangeishi kwenye maji ya baridi. Tangu siku hiyo ninachagua kwanza ukubwa, ninasubiri anwani ibadilike, ninalinganisha ASIN na ile iliyoko kwenye jedwali, ndipo ninanakili.

Hita hiyohiyo ina mtego mwingine. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120, wa Ujerumani ni wa volti 230, kwa hiyo hita iliyo sahihi kwa msomaji mmoja haimfai mwenzake. Amazon ina mpangilio uitwao OneLink, unaoweza kumpeleka msomaji kwenye duka la nchi yake ikiwa umeunganisha akaunti zako za nchi hizo, nami ninaupenda kwa mchanga na nyavu ndogo za kuvulia. Kwa kifaa chochote cha umeme siuachii mpangilio huo uamue. Ninatafuta mwenyewe kwenye duka la Ujerumani, ninajenga linki ya pili kwa kitambulisho cha huko, na ninaziandika zote mbili kwenye makala zikiwa na majina ya nchi.

Jambo lililonisaidia zaidi ya yote katika ukanda ni uwezo wa kuchagua kitambulisho cha ufuatiliaji. Zamani nilikuwa na kimoja kwa kila kitu, na ripoti ilinionyesha tu kwamba kuna mauzo. Sasa kila makala kubwa ina chake, hivyo najua makala ya vipimo vya maji inalisha nyumba na ile ya mapambo ya tangi haileti kitu. Ripoti pia imenifundisha maana ya kipindi cha saa 24: msomaji akishabonyeza, anachokinunua katika muda huo huhesabiwa kwangu hata kama si nilichokitangaza. Nimewahi kuona sufuria kwenye ripoti, ilhali sijaandika neno hata moja kuhusu sufuria. Akiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, ana hadi siku 90 kwa kawaida za kukamilisha ununuzi nami nikahesabiwa.

Anayeanza leo ajue mambo yanayoweza kumfungia mlango. Akaunti mpya inatakiwa iwe na mauzo matatu yanayokubalika ndani ya siku 180. Huruhusiwi kununua kwa linki yako mwenyewe, wala kuandika bei kwa mkono kwenye makala yako, maana bei hubadilika. Na ni lazima umwambie msomaji waziwazi kwamba unalipwa; mimi ninaliandika hilo juu kabisa, kabla ya linki ya kwanza.

Kuhusu picha, SiteStripe iliacha kutoa linki za picha mwishoni mwa 2023, na kupakua picha za duka na kuzipandisha kwako hairuhusiwi. Mwanzoni makala zangu zilibaki na mashimo meupe. Niliteremka na simu hadi Katonga, ufukweni mwa ziwa, asubuhi, nikapiga picha za mawe yaliyozama kwenye maji ya kina kifupi, samaki wadogo wakiyazunguka, na nikaziweka mahali palipokuwa na picha za mchanga wa madukani. Wasomaji wa Ujerumani wamekuwa wakiniuliza kuhusu mawe yale kuliko walivyowahi kuniuliza kuhusu bidhaa yoyote, na linki ya mchanga iliyo chini ya picha hizo ndiyo inayobonyezwa zaidi kwenye jedwali langu lote.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi ninafungua linki moja baada ya nyingine na kuandika tarehe kwenye safu ya mwisho. Bidhaa ikiwa imeisha sokoni ninabadilisha ASIN kwenye jedwali, fomula inatoa linki mpya, na ile safu ya makala inaniambia mahali pa kwenda kuibandika. Mwezi uliopita zilikuwa tatu tu, na nilimaliza kabla bando la asubuhi halijakwisha.