Mwindaji Mkazakhi na Tai Wake: Picha Nzuri, Fremu Dhaifu
Picha niliyoinunua, iliyochapishwa kwa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi nzito ya pamba isiyong'aa, inamwonyesha mwindaji Mkazakhi wa mkoa wa Bayan-Ölgii, magharibi mwa Mongolia, akiwa juu ya farasi huku tai jike ametulia kwenye glavu yake ya ngozi. Weusi haujameza kitu: kofia ya manyoya ya mbweha yaonekana unywele kwa unywele, na ule mti wenye panda unaoegemezwa kwenye tandiko ili kuubeba mkono, kwa kuwa tai wa namna hii aweza kufikia kilo 6, unaonekana hadi mikwaruzo yake. Theluji tu ndiyo imepauka mno upande wa kushoto. Fremu nayo ilifika ikiwa imepasuka kona; duka likanibadilishia kioo, kana kwamba nililalamikia kioo.