Sifuri iliyoua besi yangu: wakala wa akili mnemba ndani ya REAPER

Oya wadau, karibuni tena. Leo nina hasira, kwa hiyo hatuzunguki. Hiki kiunganishi mnachoniulizia kila siku kwenye komenti, kile kinachomwezesha wakala wa akili mnemba (programu unayoiandikia ombi, nayo inakufanyia kazi) kuendesha REAPER, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, nimekaa nacho wiki mbili. Kukiweka wameshaonyesha wengine, naruka. Jina sitaji, maana jamaa kakitengeneza peke yake na anakigawa bure, sitaki mkamvamie.

Tazameni skrini. Singeli hii, BPM 210 (mapigo kwa dakika), besi ipo desibeli 9 chini ya sifuri, na sifuri ni sauti kama ilivyorekodiwa, haijapandishwa wala kushushwa. Namwandikia wakala: "Rudisha besi kwenye desibeli sifuri." Anafikiri... anasema tayari. Haya, sikilizeni.

Mmeisikia besi? Hamjaisikia, maana haipo! Na yeye anajisifu: "Nimeweka sauti 0 kama ulivyoomba."

Kabla hamjamcheka, tufungue maelezo aliyopewa. Huyu wakala mita zinazoruka hazioni, na masikio hana. Anajua jina la zana, yaani amri anayoweza kuiita, na kile kilichoandikwa chini yake, basi. Zana ya sauti ya treki, yaani mstari wa ala moja kama besi, hii hapa: "Huweka sauti ya treki. Thamani: namba." Namba ya nini, ndugu yangu? Ukiingia REAPER kwa njia ya skripti, yaani kwa amri za kuandika badala ya kubofya, sauti ya treki haiendi kwa desibeli, inaenda kwa kizidisho, namba ya kuzidishia sauti. 1 ndiyo desibeli sifuri. Nusu ni kama desibeli 6 chini, 2 ni kama 6 juu. Na 0 ni kimya cha makaburini. Sasa mtu ukimwambia "sifuri", yeye afanyeje?

Tugeuze upande wa pili. Wenye hedifoni vueni, sitanii. "Pandisha besi iwe desibeli 6 juu." Anaandika 6. Kizidisho cha 6 ni karibu desibeli 15.6! Oneni mita, nyekundu tupu. Na hizi spika bado nadaiwa, mwenye duka akiiona video hii nimekwisha.

Basi jana usiku nikafungua faili la jamaa, nikaandika hivi: "Kizidisho, si desibeli. 1.0 ni desibeli 0, 0.5 ni takriban desibeli -6. 0 ni kimya. Mtumiaji akitaja desibeli, gawanya kwa 20, kisha 10 ipewe kipeo hicho." Nikawasha upya. Ombi lile lile... eeh! Hiyo hapo. Wakala ni yule yule, sijalipa hata shilingi zaidi.

Ila ningekuwa mimi, ningeifanya zana ipokee desibeli yenyewe, hesabu ifanyike humo ndani. Kwa nini umpe mtu kanuni ya hesabu wakati unaweza kumwondolea?

Halafu namba za treki. Kwenye skrini treki ya kwanza ni 1, kwenye skripti ni 0. Nikasema futa treki ya 3, ikaenda ya 4, kinanda changu chote. Ctrl+Z ikaniokoa.

Najua mtasema nihamie Ableton, wale wenye programu ya muziki iitwayo Live, kuna kiunganishi chao AbletonMCP pale GitHub. Nimeijaribu, ina skripti inayokaa ndani ya Live na seva inayokaa nje, zinaongea. Lakini bei ya Live mnaijua. REAPER wanakupa siku 60 za kujaribu, halafu leseni ya dola 60 kwa sisi wa vyumbani. Na msinakili maelezo kutoka huku kwenda kule! Kwenye MIDI, lugha ya kompyuta ya kuandika noti kwa namba, noti namba 60 Ableton wanaiita C3, REAPER wanaiita C4. Mtajikuta oktavu nzima chini mnatafuta mchawi.

Tangazo dogo: kuanzia wiki ijayo video ni Ijumaa, Jumatano umeme umenishinda.

Tuliishia wapi? Maelezo. Mwanzoni nilitaka kila zana iandikiwe ukurasa mzima, nimebadili mawazo. Mara nyingi maelezo ya zana zote yanabebwa kwenye mazungumzo hata kama hujazigusa, na ukilipia kwa tokeni, vile vipande vya maneno anavyosoma wakala, yanahesabiwa. Mistari mitatu inatosha: kipimo, hesabu inaanzia wapi, na kitu gani hakirudi ukikosea. Huo wa tatu sijauona kwenye kiunganishi chochote nilichojaribu, na ndio nilioutaka kuliko yote.

Nimeuongeza kwenye zana ya kufuta: "Taja jina la treki, subiri ruhusa." Tujaribu moja kwa moja. "Futa treki ya 3"... "Treki ya 3 kwenye skrini inaitwa Makofi. Nifute?"

Ameuliza! Mmeona? Ameuliza na jina kalitaja! Haya, namjibu fu... hapana, subiri, sijahifadhi.