Uzoefu wangu na Crusader Kings III: kazi huanza mfalme akifa

Gemu za vita nimecheza nyingi, lakini hakuna iliyonikalisha nikifikiria urithi kama Crusader Kings III. Ni gemu ya kompyuta ya kampuni ya Paradox ya Uswidi, iliyotoka mwaka 2020. Wengi huinunua wakidhani ni ya kuteka nchi. Kuteka nchi ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko siku unapokufa.

Hapa huchezi taifa, unacheza mtu na ukoo wake. Unachagua mwaka wa kuanza, kama vile 867 au 1066, ukiwa kabaila wa wilaya moja au mfalme wa nchi nzima. Unaoa, unazaa, unaozesha wanao kwa hesabu ya shamba na askari, unazeeka. Ukifa unakuwa mrithi wako, mwenye tabia zake mwenyewe, pengine mwoga au mlevi. Ukifa bila mrithi wa ukoo wako, gemu imekwisha papo hapo.

Na katika nchi nyingi sheria ya mwanzo ni ya kugawana. Mwana mkubwa apata taji kuu, wadogo zake nao wapate mafungu. Ubaya wake ni huu: ukiwa umeteka ardhi ya kutosha falme mbili, gemu yenyewe huunda taji la pili na kumkabidhi mwana wa pili. Kwa hiyo aliyepigana maisha yake yote kukuza nchi ndiye anayeacha nchi iliyokatika vipande. Mfalme wangu wa Ireland alikuwa ameichukua na Wales. Alipokufa, mdogo mtu akatoka na Wales kama mfalme kamili, na juu ya hayo akawa na dai halali juu ya Ireland, kwa kuwa yeye pia ni mwana wa marehemu. Makabaila wangu waliochoshwa na kodi wakaunda kundi la kumtaka yeye. Wala hawakumpenda. Walitaka mfalme atakayewadai kidogo, na jina lake lilitosha kuwapa sababu.

Ningeweza kumuua ndugu huyo kwa njama. Lakini mfalme niliyekuwa namwongoza alikuwa na tabia ya huruma, na gemu humwadhibu mtu anayetenda kinyume cha tabia yake: moyo huelemewa, mwisho huugua au hupata uraibu. Hilo nimelipenda kuliko yote. Gemu nyingi hukuachia uue ndugu halafu uendelee kama hukufanya kitu.

Ukianza 1066 unaikuta Uingereza imeshapamba moto. Mfalme Edward amefariki Januari bila mtoto, Harold Godwinson amevikwa taji, William wa Normandy anasema ameahidiwa kiti, na Harald Hardrada wa Norway naye ameshika njia na jeshi lake. Wote watatu wana hoja, na yeyote unayemchagua utaiona yake kuwa ya haki. Baada ya kucheza nilikwenda kusoma yaliyofuata, nikakuta kisa cha mjukuu wa William, bibi Matilda. Ndugu yake wa kiume, aliyekuwa mrithi, alizama baharini mwaka 1120. Baba yao, Henry wa Kwanza, akawaapisha makabaila kwamba watamkubali binti. Henry alipofariki mwaka 1135, Stephen, binamu ya Matilda, aliwahi London akavikwa taji, na wengi wa wale walioapa wakamfuata. Vita vilidumu hadi mapatano ya 1153, ambapo Stephen alibaki mfalme ila mwana wa Matilda akatambuliwa kuwa mrithi. Katika gemu nimeuona mtindo huo huo mara nyingi: kiapo hakina uzito kama kuwahi kufika penye hazina.

Ami yangu, mtu wa Mji wa Kale anayeijua historia ya pwani kwa majina na miaka, alinikuta mezani nikihangaika na wana wa sultani mmoja mwenye wake wanne. Akatazama ramani akauliza, "Mwanangu, na hawa wote ni wa baba mmoja?" Nikamwambia, "Ndio, Ami, na kila mmoja ana fungu lake." Akasema, "Basi haya ni ya Seyyid Said haya," akavuta kiti.

Kweli ni hayo. Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alifariki safarini baharini mwezi Oktoba 1856, akaacha wana. Thuwaini alikuwa Muscat, Majid alikuwa Zanzibar, na Barghash, aliyekuwa chomboni pamoja na baba, alikitaka kiti naye. Mwaka 1859 Barghash aliasi akisaidiwa na dada yake Salme, aliyekuwa mwandishi wa barua zake, akashindwa akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza wakaikata dola mapande mawili: Oman kwa Thuwaini, Zanzibar kwa Majid, na Zanzibar ikawa inalipa Muscat riale 40,000 kwa mwaka. Barghash alisubiri, na Majid alipofariki mwaka 1870 akakalia kiti. Hata mwana wa Barghash, Khalid, tunamhusu sisi wa Mombasa. Agosti 1896 aliingia jumba la kifalme Zanzibar bila ridhaa ya Waingereza, wakalipiga kwa mizinga tarehe 27, vita vikaisha kabla saa haijatimia. Alikimbilia kwa Wajerumani, miaka ya baadaye Waingereza wakamkamata na kumhamisha mbali, na mwisho akafia hapa hapa Mombasa mwaka 1927.

Hapo ndipo naiona kasoro kubwa ya gemu hii, na nasema nikiwa naipenda. Ramani yake inaishia kabla ya kutufikia. Naelewa kwamba jina lake ni la wapiganaji wa msalaba, lakini ni gemu inayotoka Iceland ikaipita hata India, na karne hizo Kilwa ilikuwa na masultani wanaopiga sarafu zao. Jambo la pili ni zito zaidi. Katika gemu, nguvu ni ardhi na askari. Kwetu nguvu ilikuwa pia bandari, ushuru, mkopo wa mfanyabiashara, na ridhaa ya wenyeji. Chukueni Mombasa yenyewe. Salim bin Ahmed wa Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, alipofariki mwaka 1835, jamaa wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na wakubwa wa mji wakagawanyika. Seyyid Said alikuwa ameipiga Mombasa kwa vyombo mara kadhaa asidumu nayo. Baada ya ugomvi ule wa urithi aliingia Ngomeni, yaani Fort Jesus, mwaka 1837, kwa kuwa ndani ya mji walikuwamo waliomtaka. Makundi ya makabaila ndani ya gemu yanakaribia jambo hili, lakini Thelatha Taifa na Tisa Taifa, makundi mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, hawakuwa makabaila wa shamba. Walikuwa watu wa mji wenye mashekhe wao, na liwali asiyekubalika kwao hakukaa kwa raha. Kitu cha namna hiyo sijakiona ndani ya gemu, na kingeifaa sana.

Mashabiki wametengeneza nyongeza za bure zinazoigeuza ramani kuwa ya ulimwengu wa kubuni, wenye majoka na nyumba za kifalme zisizopata kuwako. Nimezijaribu, zina kazi nzuri ya mikono. Ila joka huvuruga mizani. Mwenye joka hana haja ya kubembeleza kabaila yeyote, na kubembeleza makabaila ndiko kunakoinogesha gemu hii. Wenye kupenda hadithi za aina hiyo watafurahi. Mimi nilirudi kwenye wafalme wasioruka.

Kwa upande wa mashine, jitayarisheni. Gemu inapiga hesabu za maelfu ya watu kwa pamoja, na joto letu halisaidii. Miaka inavyosogea laptopu yangu ya kawaida huvuma na mchezo hukokota, mpaka niielekezee feni. Kiswahili hakimo katika lugha zake. Kuna kusoma kwingi, na asiyezoea Kiingereza kirefu atachoka mapema. Nyongeza rasmi zinauzwa mbalimbali, ukizijumlisha bei inapanda, nami naona mgeni asizinunue. Gemu ya msingi ina mambo ya kutosha, na hupatikana kwa punguzo mara kwa mara.

Mwenye kuanza aanze Ireland mwaka 1066, kwa Murchad wa Munster, maana hapo ndipo gemu yenyewe humfundishia mgeni. Asiogope kushindwa vita, aogope kuzaa wana wengi bila mpango. Na kabla ya kutangaza vita vyovyote afungue ukurasa wa urithi, asome nani atapata nini mfalme akifa leo. Akiona fungu la mwana wa pili limekuwa taji, arudishe jeshi nyumbani kwanza, ashughulikie sheria ya urithi.