Nimekodi kipimo cha leza cha zebaki hapa Tanga, nikaambiwa "hewa yenu safi"

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Kazi yangu ni kupima moshi wa viwandani, na majuzi hapa tulikodi kipimo cha zebaki cha leza pamoja na fundi wake kutoka kampuni moja ya Dar. Tulikuwa kwenye dohani ya tanuri la saruji linalotumia makaa ya mawe. Siku mbili nzima kipimo kikaandika sifuri.

Sifuri! Makaa yana zebaki, mawe ya chokaa yana zebaki, na tanuri likiwaka inageuka mvuke. Tena siku ya pili kinu cha kusaga mawe kilisimama. Waliokaa kwenye saruji wanajua: kinu kikizunguka, unga wa mawe hunasa sehemu ya zebaki, kikisimama, inapanda na moshi. Nikamfuata yule kijana kwa upole, "Mwanangu, hebu tukague ule mpira wa kuvutia sampuli." Hakuinua hata macho kwenye simu. "Mzee, hii ni leza, si zile taa zenu za zamani. Ikisema hakuna, hakuna. Hewa yenu safi, shukuruni." Kisha akanisogezea ripoti nisaini.

Mbele ya vijana wangu wa kazi! Dohani hizi nimeanza kuzipanda yeye hajaanza shule.

Na kuhusu leza alisema kweli, ndiyo maana naumia zaidi. Zebaki hunyonya mwanga wa nanomita 253.7. Leza inapiga hapo hapo, inasogea kando kidogo, inarudi, inalinganisha. Gesi ya salfa, ambayo nayo hunyonya mwanga wa eneo hilo na kuzisumbua mashine za taa, haifui dafu mbele yake. Na hapo tunatafuta mikrogramu chache tu katika mita nzima ya ujazo. Lakini leza haioni kisichoifikia. Inaona zebaki iliyo peke yake, isiyoshikana na kitu. Ile iliyoshikana na klorini lazima ifike kwanza kwenye kitanuri cha kuivunja.

Nikapanda mwenyewe, upepo wa kusi unanisukuma kwenye ngazi. Pale mpira unapoungana na mrija ulioingia dohanini nikaweka kiganja. Baridi! Mahali ambapo glavu ilitakiwa inuke kwa joto. Waya wa kupasha moto ulikuwa umeishia shubiri moja kabla ya kiungo. Nikafungua: ndani matone ya maji yamejipanga kama jasho. Zebaki yenye klorini ilikuwa inabaki humo humo, kwenye maji na kwenye kuta za mpira.

Je, hakukijaribu kwa gesi ya zebaki? Alikijaribu. Ila gesi aliiingiza chini, mgongoni mwa mashine, ndani ya kontena lenye kiyoyozi, badala ya kuipandisha juu ipite njia ile ile ya moshi.

Kufikia hapo nilishaapa kumwambia kila mtu asiwakodi. Usiku tukabadilisha mpira, tukakizungushia kiungo waya wa joto kutoka stoo yetu, tukasubiri. Tarakimu zikaanza kupanda. Jamani! Miaka yote nimetumia mirija ya kaboni ya kunasa zebaki, unapeleka maabara, unasubiri majibu. Alfajiri kinu kikawashwa, na mstari ukateremka mbele ya macho yangu, dakika kwa dakika. Machozi yalinilenga. Mashine ile ni ya ajabu, sirudi nyuma kwa hilo.

Lakini ningesaini je? Zebaki haikai hewani milele. Inashuka majini, vijidudu vinaigeuza, inaingia kwa samaki wadogo na kujikusanya kwa wakubwa. Wanangu wanakula papa wa pale soko la samaki la Deep Sea. Minamata, Japani, ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki uligunduliwa 1956. Mkataba wenye jina la mji ule ulianza kutumika 2017, Tanzania imo, na matanuri ya saruji yametajwa humo. Halafu mtu ananipa sifuri ya kiungo cha baridi niiweke kwenye faili!

Kipimo nitakikodi tena, hata kesho. Fundi yule sitaki kumwona. Au aje, lakini kwanza apande dohani.

Ankara yao imefika: siku tatu kamili. Zile mbili za sifuri silipi.